Moyo Umetengenezwa, Mbona Mwenyewe Amebadilika?

Daktari akishatoka na kusema upasuaji umekwenda salama, ndugu waliokuwa mabenchini huanza kupigiana simu: tumshukuru Mungu, amevuka. Siku mbili baadaye yule yule aliyevuka anamwambia muuguzi kwamba kuna watu ukutani, anang'oa mpira wa dripu, au anamwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Wiki ya tatu yuko nyumbani, kidonda kinafunga vizuri, lakini anasahau sufuria motoni na anatokwa machozi akisikiliza taarifa ya habari. Mwezi wa pili hataki kuongea na mtu. Kila moja ya hali hizo ina sababu zake na namna yake ya kushughulikiwa, na familia nyingi hazikuambiwa lolote kabla ya mgonjwa wao kuingia chumba cha upasuaji.

Ukiona mabadiliko, swali la kwanza ni hili: yameanza lini, na yamekuja ghafla au yamejongea taratibu? Jibu lake ndilo litakaloamua kama mnatafuta gari usiku huu huu, mnasubiri kliniki ya wiki ijayo, au mnahitaji subira tu.

Kinachoukuta ubongo

Upasuaji mwingi wa moyo hufanywa moyo ukiwa umesimamishwa. Damu hutolewa mwilini kwa mipira, hupita kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, hutiwa oksijeni, kisha hurudishwa. Daktari John Gibbon alifanikiwa kuitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Philadelphia, Marekani, kwa msichana wa miaka 18. Kwa muda mrefu lawama zote za usahaulifu wa baada ya upasuaji zilitupiwa mashine hiyo. Kuchangia inaweza kuchangia: vipande vidogo vya mafuta na chokaa vilivyoganda kwenye mshipa mkuu huweza kubanduka na kupanda kichwani, mapovu madogo ya hewa vilevile, na presha hupanda na kushuka. Lakini hata upasuaji unaofanywa bila mashine, moyo ukiendelea kudunda, ulipolinganishwa haukuonyesha nafuu kubwa upande wa kumbukumbu. Madaktari wakarudi kutazama mambo mengine: umri, kisukari, presha ya miaka mingi, mishipa ya ubongo iliyokuwa imechakaa tangu kabla, dawa za nusukaputi na za maumivu, na usiku wa chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) ambako taa hazizimwi na mashine hazinyamazi.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Chuo Kikuu cha Duke, uliochapishwa mwaka 2001. Wagonjwa 261 waliopandikiziwa mishipa ya moyo walipimwa uwezo wa kukumbuka na kufikiri. Siku ya kuruhusiwa, asilimia 53 walikuwa wameshuka. Wiki sita baadaye walikuwa asilimia 36, na miezi sita baadaye asilimia 24. Baada ya miaka mitano idadi ikapanda tena hadi asilimia 42, na hapo wengi walishtuka. Baadaye watafiti wa Johns Hopkins waliwalinganisha waliopasuliwa na wagonjwa wa moyo ambao hawakupasuliwa, wakakuta kwamba miaka ikishapita makundi yote mawili hushuka kwa kiasi kinachokaribiana. Mimi nasoma hivi: kushuka kwa miezi ya mwanzo kunatokana na upasuaji wenyewe na kwa wengi hurudi. Kule kwa miaka ya mbele kunatokana zaidi na mishipa mibovu, kwa hiyo vita yake ni ya presha, sukari na sigara, na inapiganwa na mgonjwa pamoja na aliye jikoni.

Hao ni Wamarekani, na wengi wao wazee. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Hospitali ya Tenwek huko Bomet au Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, sehemu kubwa ya wanaofunguliwa kifua ni watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo, na vijana ambao valvu zao, yaani milango ya moyo, ziliharibiwa na homa ya rumatiki iliyoanza kama maumivu ya koo utotoni. Ubongo wa kijana hurudi haraka zaidi. Mzigo wake uko kwingine: valvu ya chuma kifuani, dawa ya kuzuia damu kuganda kwa maisha yote, na kwa binti, maswali mazito ya ndoa na uzazi, kwa kuwa dawa hiyo, warfarini, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tusishangae akiwa na mawazo.

Siku za wodini: kuweweseka

Kuweweseka kwa siku za mwanzo ndiko kunakotisha ndugu kuliko yote, na ndiko kunakopita upesi kuliko yote. Huanza kwa kawaida ndani ya siku tano za kwanza. Kwa wagonjwa wazee si jambo la nadra hata kidogo. Makadirio mengi huanzia robo yao. Huja na kuondoka: asubuhi mgonjwa anajibu maswali ya daktari vizuri, magharibi anadai amefungwa jela na anataka nauli arudi kwao. Wengine huona wadudu kwenye shuka, wengine huamini muuguzi anataka kuwaua.

Kuna aina nyingine ambayo haipigi kelele. Mgonjwa analala mchana kutwa, hafuatilii mazungumzo, chakula anakitazama tu. Ndugu husema anapumzika, na wauguzi wenye wagonjwa kumi wa kuangalia wanaweza kumpita kwa sababu hasumbui. Wewe ndiye unayemjua. Kama baba yako hajawahi kukaa nusu saa bila kuuliza habari za mifugo, na leo hajauliza chochote tangu asubuhi, mwambie muuguzi wa zamu kwa maneno hayo hayo: "Huyu sivyo alivyo." Taarifa hiyo ina thamani, kwa sababu nyuma ya kuweweseka kunaweza kuwa na maambukizi, upungufu wa maji au chumvi, mkojo uliofunga, maumivu, au dawa iliyozidi.

Ukiruhusiwa kuingia, jitambulishe kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. "Shikamoo baba. Ni mimi Rehema, mwanao. Leo ni Jumatano asubuhi. Uko hospitali, umefanyiwa upasuaji wa moyo na umekwisha salama." Sentensi fupi, sauti ya chini, ukimshika mkono. Akisema kuna watu ukutani, usibishane naye wala usiwakubali hao watu. Mwambie: "Mimi siwaoni, ila naona umeogopa. Niko hapa." Mpelekee miwani yake, kifaa chake cha kusikia, meno yake ya bandia, tasbihi au rozari yake. Mzee asiyeona vizuri wala kusikia vizuri hugeuza pazia kuwa mtu, na kosa si lake. Saa inayoonekana kutoka kitandani husaidia. Mchana pazia lifunguliwe na aketishwe pale wauguzi watakaporuhusu. Usiku aachwe alale.

Saa za kuona wagonjwa ni chache katika hospitali zetu, na ICU ni chache zaidi. Badala ya kupokezana watu sita, muombe muuguzi mkuu akubali mtu mmoja au wawili wale wale wawe wanaingia, hasa jioni. Wodi nyingi huelewa zikiombwa kwa adabu na zikielezwa sababu.

Lipo jambo moja ambalo familia huficha kwa aibu: pombe. Mtu aliyekuwa akinywa kila siku, akiikosa ghafla kwa sababu amelazwa, anaweza kutetemeka, kuona vitu na kuchanganyikiwa vibaya, na hali hiyo inaweza kumuua. Daktari wa nusukaputi anatakiwa ajue kabla ya upasuaji, na ajue kiasi cha kweli. Mwambie pia kama amezoea mirungi au vidonge vya usingizi, na kama alikwisha kuanza kusahausahau nyumbani. Wala usisubiri aulize.

Maneno ya kurogwa na majini huanza wakati huu. Sitaingia kwenye imani ya mtu. Kuombewa hakumdhuru mgonjwa. Kinachomdhuru ni kusimamishiwa dawa ili "zisigombane" na kombe au mizizi. Mwenye valvu ya chuma akiacha warfarini, damu huweza kuganda kwenye valvu, na pande la damu likisafiri hadi kichwani ni kiharusi. Dawa nyingi za asili nazo hubadilisha nguvu ya warfarini, juu au chini, bila mtu kujua mpaka atoke damu. Shehe, mchungaji au mganga anayemwambia mgonjwa wa moyo aache vidonge vyake anahatarisha maisha yake, na familia ina haki ya kumkatalia.

Nyumbani: kusahau, kuchoka, kukosea

Wiki za kwanza nyumbani, malalamiko ya kawaida ni haya: anasoma ukurasa mmoja mara tatu, anapoteza neno katikati ya sentensi, anaweka funguo asikumbuke wapi, na mazungumzo ya watu watatu kwa pamoja yanamchosha. Mama lishe anakosea chenji. Fundi cherehani anapima kitambaa mara mbili na bado anakata vibaya. Kwa wengi hali hii hupungua mwezi hadi mwezi. Iliyobaki baada ya miezi mitatu itajwe kliniki, na ikizidi badala ya kupungua itajwe mapema zaidi.

Msaidie bila kumfanya mtoto. Jambo moja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa wakati wa kuzungumza. Daftari dogo la kuandika aliyoambiwa na anayotakiwa kufanya. Vitu vyake vikae mahali palepale. Kazi inayotumia akili ifanywe asubuhi, kabla ya uchovu. Bao, karata au drafti na jirani mmoja ni mazoezi mazuri kuliko kumtahini kwa maswali ya "unanikumbuka mimi ni nani?" ambayo wageni wanayapenda sana. Matembezi ya kila siku kwa kiasi alichopangiwa na hospitali yanamsaidia moyo na akili kwa pamoja. Mtoto wa shule arudi darasani taratibu, na mwalimu aambiwe kwa nini anachelewa kunakili ubaoni. La sivyo atachapwa kwa uzembe ambao si wake. Kuendesha gari au bodaboda kungoje ruhusa ya daktari, kwa sababu ya mfupa wa kifua unaochukua wiki kadhaa kuunga, na kwa sababu ya kichwa kinachochelewa kuamua.

Upande wa dawa, awepo mtu mmoja anayewajibika, si watatu. Mgonjwa anayesahau anaweza kumeza warfarini mara mbili, au kuacha siku mbili. Nunueni kisanduku cha vidonge chenye siku za wiki, au chora kalenda ukutani na kuweka alama kila dozi ikimezwa. Dozi ikisahaulika, msimpe mbili kesho yake kufidia. Pigeni simu kliniki. Mchicha, kisamvu na matembele si haramu kwake, ila ale kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, maana mboga hizo zina vitamini K inayoishusha nguvu dawa hiyo, na kipimo chake cha kuganda kwa damu (INR) kitayumba akila nyingi leo na kuziacha kesho. Piritoni ya mafua na vidonge vya kumlaza usingizi vinaweza kumchanganya mzee zaidi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa anayetumia warfarini. Dukani msinunue kitu bila kusema anatumia nini.

Kisha fedha. Ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" uliotufurahisha na kutuudhi sote humpata vizuri zaidi mtu ambaye kichwa chake hakijatulia. Kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo, kuuza shamba, kudhamini mkopo au kusaini karatasi kungoje ikiwezekana. Miamala mikubwa ya simu ifanywe akiwa na mtu anayemwamini pembeni yake. Lakini zungumzeni naye kwanza. Mzee aliyenyang'anywa simu na namba yake ya siri, watoto wakaanza kuamua mambo ya nyumba yake akiwa ameketi hapohapo, ataingia kwenye huzuni ambayo haikuletwa na upasuaji. Kiti chake cha baba wa nyumba kibaki chake hata kama hesabu zinafanywa na mwingine.

Mawazo, hasira na machozi

Kulia ovyo, kukasirika kwa jambo dogo, kuogopa kulala: wiki chache za mwanzo haya ni ya kawaida. Mtu amefunguliwa kifua. Mwenye valvu ya chuma ana jingine ambalo wa nje hawalijui: usiku kukiwa kimya anaisikia ikigonga, tik, tik, kama saa ya mkononi, na mkewe pia anaweza kuisikia. Wengine huzoea, wengine hulala wakihesabu wakihofia itasimama. Aelezwe kwamba mlio huo ni wa kawaida, na redio ya sauti ndogo usiku inaweza kuufunika.

Sonona ni kitu kingine. Inakadiriwa kumpata karibu mgonjwa mmoja kati ya watano baada ya upasuaji wa moyo, na isipotibiwa humrudisha nyuma hata upande wa moyo wenyewe, kwa sababu mwenye sonona huacha dawa, hatembei na hali. Watu wetu hawasemi "nina sonona". Husema nina mawazo, mwili hauna nguvu, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio. Wanaume wengi huionyesha kwa ukali. Kama hali ya huzuni au kutopenda chochote imedumu wiki mbili, karibu kila siku, siku nyingi kutwa nzima, hiyo ipelekwe kwa daktari kama vile mngepeleka homa. Wengi husaidiwa na ushauri nasaha. Pale dawa inapohitajika, zipo zinazowafaa wagonjwa wa moyo, lakini baadhi huongeza uwezekano wa kutoka damu kwa anayetumia warfarini, na amitriptilini ya siku nyingi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Izimwe hamu ya kuazima vidonge vya jirani.

Kikwazo kikubwa ni jina la daktari wa akili. Akitajwa tu, Mtanzania anasikia hospitali ya Mirembe, Mkenya anasikia ile ya Mathari, na mgonjwa anajibu kwamba yeye si kichaa. Msilazimishe jina. Anzeni na daktari wake yule yule wa moyo, mwambieni mbele ya mgonjwa mliyoyaona, aandike rufaa mwenyewe. Baadhi ya dawa za moyo huleta uchovu na ndoto mbaya, na amiodaroni inaweza kuvuruga tezi ya shingo na kubadilisha tabia, kwa hiyo daktari wa moyo ana la kuchunguza kabla ya yote.

Wageni nao wanahitaji kuwekewa utaratibu. Desturi yetu ya kumjulia hali mgonjwa ni nzuri, na inaua kwa uchovu. Basi zima la jumuiya linaingia sebuleni, kila mtu anataka kuona kovu, mmoja anasema amekonda, mwingine anasimulia ya shemeji yake aliyefanyiwa kama hivyo akafa. Chagueni mtu wa kusimama mlangoni, kwa kawaida shangazi asiyeogopa kulaumiwa, aseme: "Daktari amesema wageni wawili, robo saa." Daktari hatakasirika kusingiziwa. Na ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis wanaopiga simu ya video usiku wa manane wapangiwe saa yao.

Pale pasipo na kusubiri

Mabadiliko yakija ghafla, ndani ya dakika au saa, mpelekeni hospitali hata kama jana alikuwa mzima. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama au kuwa ya ovyo: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho. Kumbukeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, maana mtaulizwa. Anayetumia warfarini akianguka na kujigonga kichwa apelekwe hata kama anasema haumwi. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na akaanza kulala ovyo au kuchanganyikiwa siku nyingi baadaye. Homa pamoja na kusinzia au kuweweseka nyumbani ni dalili ya maambukizi, pengine kwenye valvu yenyewe. Mwenye kisukari akibadilika ghafla, akatoka jasho na kutetemeka, pimeni sukari. Kama imeshuka na anaweza kumeza, mpeni kitu cha sukari kisha muondoke naye kwenda hospitali.

Mgonjwa akisema heri angekufa, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, vidonge vyote viondolewe karibu naye, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Anayeuguza, mara nyingi mke au binti mkubwa, apewe usiku wa kulala angalau mara mbili kwa wiki. Ndugu wanaochangia fedha tu wachangie na zamu.

Na kama mgonjwa wenu bado yuko wodini, kabla hamjakabidhiwa karatasi za kuruhusiwa muombeni daktari awaambie mambo haya mbele ya mgonjwa: mabadiliko gani ya akili anayatarajia kwa upasuaji aliofanyiwa, dawa ipi kati ya zilizoandikwa inaweza kuyaongeza, na namba gani ya simu ipigwe usiku. Iandikeni namba hiyo nyuma ya kadi yake ya kliniki, na kila mtu mzima nyumbani aihifadhi kwenye simu yake.